Kalenda ya familia ni kalenda ya soko: mwaka wa mkulima kutoka Pasua hadi kihambani



Wengi mnaponipigia simu mnaniuliza mambo matatu: mbegu gani, dawa gani, bei ikoje. Ni maswali mazuri na tutaendelea kuyajibu. Ila leo nataka tuzungumze jambo ambalo halimo kwenye pakiti ya mbegu wala kwenye chupa ya dawa. Nataka tuzungumze mwaka wa familia: siku tunazochinja, siku tunazowavalisha watoto nguo mpya na kuwatoa matembezi, siku bibi anapoanika kimea uani, na siku tunapopanda nyumbani mwisho wa mwaka.

Kwa nini afisa ugani aandike habari za sikukuu? Kwa sababu mteja wako ni familia. Siku za kawaida familia hununua kidogo kidogo, fungu hapa, nusu kilo pale. Halafu kuna siku chache za mwaka inanunua kwa mkupuo, na siku hizo zinajulikana mapema kabisa. Na wewe mwenyewe ni mwanafamilia. Siku hizo hizo zinazokupa soko ndizo zinazokula mtaji wako. Usipoipanga kalenda hiyo, utajikuta kila sikukuu wewe ni mnunuzi, na kila baada ya sikukuu wewe ni mdaiwa.

Mimi naishi Pasua, kusini mwa mji wa Moshi. Ukishuka kidogo unaingia Mabogini, kwenye mashamba ya mpunga ya mradi wa umwagiliaji wa Lower Moshi, uliojengwa kwa msaada wa Japani miaka ya 1980. Ukipanda upande wa pili unafika Uru, Kibosho, Old Moshi, kwenye vihamba vya migomba na kahawa. Ukweni kwangu ni Uru. Kwa hiyo familia yetu, kama familia nyingi za hapa, inaishi sehemu mbili: ya mjini na ya nyumbani mlimani. Majirani zangu wa kushoto ni Waislamu, wa kulia ni Walutheri. Sikukuu ya mmoja ni sahani ya pilau kwa wote. Ukielewa mtaa wa namna hii, umeelewa soko.

Twende mwezi kwa mwezi. Tarehe nitakazotumia ni za 2027 ili uwe na muda wa kujipanga.

Januari: mwezi mrefu

Januari kila mtu anaujua. Watoto wanarudi shule. Ada katika shule za msingi na sekondari za serikali hadi kidato cha nne iliondolewa kuanzia 2016, lakini sare, madaftari na viatu havijaondolewa, na walio shule binafsi wana ada yao. Nyumbani nyama inapungua, makande yanarudi mezani, na mboga ya majani inakuwa kitoweo cha kila siku.

Sasa hapo ndipo mtu wa mchicha, mnafu, figiri na sukuma wiki anapotabasamu. Mchicha ni wiki tatu hadi nne tu tangu kusia hadi kuvuna. Maana yake mchicha wa kuuza wiki ya pili ya Januari unasiwa katikati ya Desemba, wakati wenzako wanapiga pasi nguo za safari. Likumbuke jambo hili, maana nitalirudia.

Februari na Machi: mwezi wa futari, Kwaresima na sikukuu mbili za pilau

Ramadhani hufuata mwezi mwandamo, kwa hiyo kila mwaka inarudi nyuma siku 10 au 11. Mwaka 2027 inatarajiwa kuanza wiki ya pili ya Februari, na Jumatano ya Majivu ni tarehe 10 Februari. Yaani Ramadhani na Kwaresima zinaanza wiki moja. Idd el-Fitri inatarajiwa karibu na tarehe 10 Machi, na Pasaka ni tarehe 28 Machi. Tarehe za Kiislamu zinaweza kusogea siku moja kutegemea mwezi kuandama, kwa hiyo weka mzigo wako tayari siku mbili kabla.

Fikiria maana yake kwa mkulima. Kwa zaidi ya mwezi harusi za kanisani zinasimama. Wakristo wengi wanapunguza nyama. Lakini kila jioni nyumba za Waislamu zinatafuta futari: magimbi, mihogo, viazi vitamu, ndizi, maharage, na matunda ya kufungulia kama tikiti maji na papai. Hapa Pasua kuanzia alasiri utaona akina mama wanapanga mafungu ya magimbi barabarani na hayafiki magharibi.

Gimbi halilimwi kwa mwezi mmoja. Linataka miezi saba hadi kumi na zaidi, na linapenda unyevu. Kwa hiyo aliyepanda magimbi kando ya mfereji baada ya masika ya mwaka uliotangulia ndiye mwenye mzigo Februari. Tikiti maji ni rahisi zaidi kupanga: siku 80 hadi 90. Kwa Ramadhani ya 2027 panda kuanzia wiki ya pili ya Novemba, tena usipande lote siku moja. Gawa shamba mara tatu, kila sehemu ipishane siku kumi, ili uvune mwezi mzima na sio kumwaga gari zima sokoni siku ya kwanza. Vuli ikinyesha sana, kagua majani kila siku mbili, maana ubwiri huingia haraka.

Halafu zinakuja Idd na Pasaka, siku 18 tu katikati. Zote mbili ni sikukuu za pilau. Pilau inataka mchele, kitunguu, kitunguu saumu, nyama au kuku, na kachumbari pembeni. Mtu wa kuku wa nyama asikilize hapa. Wiki sita kabla ya Idd ni tarehe 27 Januari. Wiki sita kabla ya Pasaka ni tarehe 14 Februari. Ukiwa na banda moja huwezi kuzihudumia sikukuu zote mbili, maana kundi la kwanza litakuwa bado limo ndani wakati la pili linatakiwa kuingia, na banda linahitaji kusafishwa na kupumzishwa. Ama ujenge banda la pili, ama uchague sikukuu moja uifanye vizuri. Na vifaranga vinaagizwa mapema, maana sio wewe peke yako unayeijua tarehe ya Pasaka.

Kitunguu cha Idd kinaanza mbali zaidi. Kitaluni siku 45, shambani siku 110 hivi, kukausha na kupeleka sokoni wiki mbili. Hesabu kurudi nyuma kutoka 10 Machi utafika wiki ya tatu ya Septemba. Uzuri wa kitunguu ni kwamba kikikaushwa vizuri kinasubiri. Kisipouzwa Idd kitauzwa Pasaka.

Nyanya haisubiri. Kwa mavuno ya kwanza karibu na tarehe 21 Machi, mche uhamishiwe shambani tarehe 5 Januari, na kabla ya hapo ukae kitaluni wiki nne. Kitalu kinasiwa karibu na tarehe 8 Desemba. Kwa hiyo kitalu cha nyanya za Pasaka kinahitaji maji siku ya Krismasi asubuhi. Nani atamwagilia? Tutafika huko.

Aprili na Mei: harusi, masika na Idd el-Haji

Pasaka ikipita, harusi zilizokuwa zimesimama zinarudi kwa kasi. Ndafu, yaani mbuzi mzima aliyechomwa, ndiye anayesubiriwa na macho ya watu ukumbini. Ndizi za machalari zinatakiwa, na majani mabichi ya mgomba ya kufunikia vyakula. Majani hayo watu wanayachukulia kama takataka, lakini mpishi wa sherehe anayanunua.

Masika nayo iko kileleni. Nyanya za uwanda wazi zinapigwa na bakajani, ndiyo maana bei hupanda. Aliye na kitalu nyumba, au aliyejifunza kupogoa, kuegemeza kwenye miti na kupulizia dawa ya ukungu kwa ratiba, anakula wakati wengine wanalia.

Idd el-Haji ya 2027 inatarajiwa katikati ya Mei. Soko la mnyama wa kuchinja lina masharti yake na mfugaji kijana ayajue. Mbuzi awe ametimiza mwaka mmoja, ng'ombe miaka miwili. Asiwe kilema, asiwe chongo, asiwe mgonjwa wala mkondefu sana. Mteja wa kuchinja kwa ibada atakuuliza umri, na ukijibu "nadhani" atahamia kwa mwenzako. Daftari la tarehe za kuzaliwa linakupa bei. Na ukisafirisha mifugo, pitia kwa afisa mifugo upate kibali kabla ya kupakia.

Juni hadi Agosti: baridi, kazi za mikono na Nane Nane

Miezi hii mlima unavaa ukungu. Watoto wa mjini wakifunga shule wanapelekwa kwa bibi. Ndio msimu mzuri wa kazi za mikono, na kazi hizo nyingi zimetoka shambani. Bibi anamfundisha mjukuu kusokota ngata kwa majani makavu ya mgomba ili mkungu usiumize kichwa. Anamwonyesha kuchana maganda makavu ya shina la mgomba yawe kamba za kufungia mizigo. Vibuyu vilivyotambaa kwenye uzio vinavunwa, vinatolewa mbegu, vinakaushwa, vingine vinakatwa kuwa kata za kunywea mbege. Wengine wanasuka vikapu na matenga, wengine wanadarizi vitambaa vya makochi.

Vijana wengi mnaona hizo ni kazi za wazee. Mimi naziona kwa jicho la biashara. Kata zinanunuliwa na wenye sherehe, na wageni wanaopita Marangu na Materuni wanazipenda pia. Mbegu moja ya kibuyu kwenye uzio haikuli nafasi ya shamba.

Ila zao la mikono ambalo naliamini zaidi ni kimea cha ulezi. Bila kimea hakuna mbege, na bila mbege sherehe nyingi za mlimani zinaonekana hazijakamilika. Mama mkwe wangu hufanya hivi: analoweka ulezi, anautandaza ukiwa umefunikwa mpaka uote, kama siku tatu, halafu anauanika juani mpaka ukauke kabisa, ndipo unasagwa. Sehemu ya hatari ni hapo kwenye kukausha. Kimea kikifungwa na unyevu kinaota ukungu, na ukungu unaleta sumukuvu, ambayo haiondoki kwa kupika. Anika juu ya turubai au kichanja, usianike chini kwenye udongo, na baridi ya Julai ikizidi ongeza siku. Kimea kikavu, safi, kilichopimwa kwa kilo na kufungwa vizuri kinauzika mwaka mzima: harusi, msiba, kipaimara, Krismasi.

Tarehe 8 Agosti ni Nane Nane. Kwa kanda yetu ya Kaskazini maonyesho hufanyika viwanja vya Themi, Njiro, Arusha. Kwa familia nyingi ni matembezi: watoto wanaona ng'ombe wakubwa, wanakula miwa, wanarudi na puto. Nendeni na familia, lakini wewe mkulima nenda na daftari. Andika maswali matatu kabla ya kupanda gari. Vipando vya mbegu viko pale vimesimama, unaviona kwa macho: ipi imepigwa na ugonjwa, ipi imezaa. Chukua namba ya simu ya mtaalamu, usichukue kipeperushi tu.

Septemba hadi Novemba: mahafali, kipaimara na maandalizi

Darasa la saba wanamaliza Septemba, kidato cha nne Novemba. Kila shule ina mahafali yake, na kila parokia na usharika hutangaza tarehe za komunyo ya kwanza na kipaimara. Hizi ni sherehe za wageni 50, wengine 200. Nenda ofisi ya parokia au usharika wako uulize ratiba. Hakuna atakayekunyima. Ukiwa na tarehe tano za mwaka mkononi unaweza kuzungumza na wapishi wa sherehe kabla dalali hajafika.

Kipindi hiki pia ndipo Krismasi inapoamuliwa shambani. Hii hapa hesabu ya kurudi nyuma. Ni kwa maeneo ya chini kama Mabogini na Pasua. Ukiwa juu, Uru au Kibosho, kwenye baridi, ongeza wiki mbili hadi tatu.

- Kitunguu: sia kitalu wiki ya pili ya Julai.
- Kuku chotara: vifaranga waingie katikati ya Agosti, wakae miezi minne.
- Nyanya na pilipili hoho: kitalu wiki ya mwisho ya Agosti. Nyanya ihamie shambani mwisho wa Septemba, hoho mwanzoni mwa Oktoba.
- Kabichi: mche uwe shambani katikati ya Septemba.
- Kuku wa nyama: vifaranga waingie tarehe 10 Novemba.
- Nguruwe: mimba ni miezi mitatu, wiki tatu na siku tatu, kisha miezi sita na nusu ya kukuza. Kwa hiyo jike apandishwe katikati ya Februari.
- Mbuzi wa ndafu: mimba miezi mitano, kisha miezi kumi ya kukua. Beberu apandishe Septemba ya mwaka uliotangulia.

Ndizi zina hesabu yake. Tangu mkungu uchomoze mpaka ukomae ni miezi mitatu hadi minne, juu mlimani hata mitano. Kwa hiyo mwisho wa Agosti tembea kihambani uhesabu migomba iliyochanua. Hiyo ndiyo ndizi yako ya Krismasi, hakuna nyingine itakayoongezeka. Iwekee miti ya kuegemea, upepo usije ukaiangusha. Na usiuze zote kwa mkupuo mmoja, kwa sababu Desemba ina masoko mawili ya ndizi. La kwanza ni la ndizi za mbege: zinahitaji kuiva, kupikwa, kukaa siku kadhaa, kisha kuchanganywa na uji wa kimea. Kwa hiyo watengenezaji wa mbege wananunua wiki ya kwanza na ya pili ya Desemba. La pili ni la mchare wa kupika, ambao unatafutwa kuanzia tarehe 20 hadi 24.

Desemba: kupanda nyumbani

Mwezi huu hauhitaji maelezo marefu kwa mtu wa Kilimanjaro. Mabasi ya Dar es Salaam yanajaa, magari binafsi yanapangana barabarani, na tangu Desemba 2019 treni ya abiria ya Dar es Salaam na Moshi imerudi baada ya zaidi ya miaka 20. Nyumba zilizofungwa miezi 11 zinafunguliwa. Uani kunachinjwa. Kuna kisusio asubuhi, mtori kwa waliojifungua, machalari mchana. Nyama inagawanywa kwa utaratibu wa ukoo, kila kipande kina mwenyewe kulingana na nafasi yake, na ukikosea mgawanyo utasikia maneno mpaka Pasaka.

Kwa wiki mbili mlima unakuwa na walaji wengi kuliko wakati wowote wa mwaka, na wana hela ya mwaka mzima mfukoni. Mkulima kijana anayeishi hapa hapa ana nafasi kuliko mtu yeyote. Mzigo wake hausafiri mbali na wateja wanamjua jina. Chukua oda mapema Novemba kwa simu: familia ya fulani inataka mikungu mingapi, mbuzi wangapi, kuku wangapi. Pokea malipo ya awali. Peleka mpaka mlangoni kwa bodaboda au kirikuu. Mtu aliyetoka Dar hataki kushinda sokoni, anataka kukaa na mama yake.

Lakini hapa ndipo penye maumivu, na ndiyo sababu hasa nimeandika makala hii. Kila Machi napokea simu za vijana ambao Desemba walikuwa na hela. Mvua za masika zinaanza, hawana mbegu, hawana mbolea. Ukiwauliza, hela ilipanda mlimani na haikushuka. Walichinja, walichangia harusi ya binamu, waliwanunulia watu vinywaji ili waonekane nao wamefanikiwa. Siwalaumu. Sisi ni watu wa heshima na nyumbani ni nyumbani. Kijana anayelima wakati ndugu zake wako ofisini anabeba mzigo wa kuthibitisha kwamba kilimo sio kushindwa maisha. Lakini mtaji ukiuchinja Desemba, mwaka unaofuata utakopa, na ukikopa kwa riba ya mtaani mavuno yako yatakuwa ya mwenye hela.

Ninachowashauri ni hiki, na nyumbani kwetu ndivyo tunavyofanya. Kabla ya tarehe 15 Desemba, hela ya msimu unaokuja igeuke kuwa vitu. Nunua mbegu, nunua mbolea, lipia kukodi shamba, weka oda ya vifaranga. Kama umesajiliwa kwenye ruzuku ya mbolea iliyoanza msimu wa 2022/2023, hakikisha taarifa zako ziko sawa kabla ya foleni ya masika. Mfuko wa mbolea stoo hauwezi kuchangishwa harusi. Kisha tenga hela ya sherehe, uitaje kwa kiasi mbele ya mwenzi wako, na ikiisha imeisha. Mbuzi wa Krismasi atoke bandani kwako, usiende kumnunua sokoni wiki ambayo bei iko juu kuliko mwaka mzima.

Na sasa lile la maji. Mche hauna likizo. Mchicha wa Januari, nyanya za Pasaka, tikiti za Ramadhani, vyote viko shambani wiki ya Krismasi. Shamba likikaa bila mtu siku tano kwenye jua la Desemba, umepoteza Januari hadi Machi. Pangeni zamu wakulima watatu au wanne wa jirani. Mkristo asafiri tarehe 23 hadi 27, jirani yake Mwislamu amwagilie. Ikifika Idd, mambo yanageuka. Huku Pasua majirani wanapelekeana pilau miaka yote, kupelekeana maji kwenye kitalu hakuwezi kutushinda. Kama hakuna jirani wa kubadilishana naye, ajiri mtu na umlipe posho ya sikukuu, sio ya siku ya kawaida. Naye ana familia inayomsubiri.

Kikao cha ukoo: usirudi bila kuomba ardhi

Jambo la mwisho, na kwa wengine ndilo kubwa. Baada ya kula, kati ya Krismasi na mwaka mpya, koo nyingi hukaa kikao. Waliokosana wanapatanishwa, na mahali pengine jani la isale bado linashikwa kuombea msamaha. Madeni ya ukoo yanasemwa. Na habari za vihamba zinazungumzwa.

Vijana wengi wa hapa chini mnakodi mashamba kwa bei inayopanda kila msimu, huku mlimani kuna kihamba cha baba mdogo aliye Mwanza, mibuni imezeeka, migomba imesongamana, hakuna anayepalilia. Kwa mila zetu nyumba ya wazazi huachwa kwa mtoto wa mwisho, na mgawanyo wa kihamba ni jambo zito ambalo limeshagawa familia nyingi. Ndiyo maana ukisema tu "nataka shamba" kila mtu anashtuka. Anadhani unaomba urithi.

Omba matumizi. Simama kwa adabu, wasalimie wakubwa, useme kwa mfano hivi: "Shikamooni wazazi wangu. Baba mdogo, kile kipande cha juu ya mfereji nakiona kimelala. Siombi kuwa mwenyewe. Naomba nikitumie miaka mitano, nipunguze machipukizi, niweke samadi, mibuni yako niitunze, na kila msimu nikutumie sehemu tutakayokubaliana. Ukikihitaji, tutakaa tuzungumze." Halafu toa karatasi. Iandikwe mipaka, miaka, malipo, nani anamiliki miti na mibuni itakayopandwa, na nini kitatokea mwenye shamba akifariki. Washuhudie wanafamilia wa pande zote mbili na kiongozi wa kitongoji. Maneno ya Desemba yakibaki hewani, Julai yanakuwa ugomvi.

Na dada zangu msikae jikoni kikao kikiendelea. Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya 1999 inampa mwanamke haki sawa na mwanaume ya kupata, kutumia na kumiliki ardhi. Mimi ni mke niliyeolewa kwenye ukoo huo, na nimeona wifi akiomba kipande mbele ya wazee kwa heshima na kukipata. Alikuja na mpango wake umeandikwa: migomba mingapi, mbuzi wangapi wa maziwa, hela itatoka wapi. Wazee wanapenda kusikia mpango.

Basi jioni ya leo chukua kalenda ya ukutani na kalamu. Kaa na mwenzako, au na mama, au na yeyote mnayekula naye. Zungushieni siku zote ambazo familia yenu hukusanyika, na siku za majirani zenu pia. Kisha kwa kila duara hesabu kurudi nyuma: kuvuna, kuhamisha miche, kusia, kununua pembejeo. Pale tarehe mbili zinapogongana, andika jina la atakayebaki shambani. Ukikwama kwenye hesabu ya zao lako, nipigie au nitafute pale Pasua, tutaihesabu pamoja.

Tukutane shambani.